Spiriti ya duka la dawa kwa doa la wino: inafaa wapi, na wapi haifai

Chupa ndogo ya spiriti inayouzwa katika maduka ya dawa, ile isiyo na rangi ambayo wauguzi huitumia kusafishia ngozi kabla ya kuchoma sindano, haikutengenezwa kwa ajili ya kufulia nguo, na lebo yake haitaji wino hata kidogo. Hata hivyo, kwa doa la biro kwenye shati la shule, kanzu nyeupe au foronya, sijaona kitu cha bei yake kinachoishinda, na ni kwa matumizi hayo pekee ninayoitathmini hapa.

Wino wa biro ni mzito, na rangi yake haikuyeyushwa katika maji bali katika vimiminika vinavyopatana na alkoholi. Ndiyo maana mtu hufikicha shati kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka, na doa likabaki palepale, pengine limefifia kidogo lakini limetanuka. Spiriti hii, ambayo asilimia 70 yake ni alkoholi, huiyeyusha rangi hiyo na kuiachanisha na nyuzi. Ila ieleweke kwamba spiriti haiuangamizi wino, huuhamisha tu, na usipoupatia pa kwenda utahamia kwenye sehemu safi ya nguo hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo doa hulazwa kifudifudi juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa mara kadhaa, kisha spiriti hudondoshwa kwa upande wa nyuma na kugandamizwa kwa pamba, bila kusugua. Kwenye mfuko wa shati ambamo biro ilikuwa imevuja, kitambaa cha chini kilipata duara la buluu iliyokolea mara tu baada ya matone ya kwanza, na kila nilipokigeuza upande mkavu, duara jipya lilikuwa hafifu kuliko lililotangulia. Kilichosumbua ni ukingo, kwa kuwa spiriti hukauka haraka, na ikikauka kabla ya kufyonzwa huacha mstari mwembamba kuzunguka mahali doa lilipokuwa. Dawa yake ni kuanzia nje na kuelekea katikati. Kivuli kilichosalia kiliondoka kwa sabuni na maji ya baridi. Nguo isipigwe pasi kabla doa halijaisha, maana joto hulikaza, na shati lililokwisha kupita chini ya pasi mara nyingi halirudi kuwa jeupe kabisa.

Mnunuzi awe mwangalifu asiuziwe spiriti ya kuwashia, ile ya zambarau. Rangi yake hutiwa makusudi ili isidhaniwe kuwa kinywaji, na juu ya kitambaa cheupe inaweza kuacha doa lake yenyewe. Vitakasa mikono vya jeli, ambavyo vilijaa majumbani tangu mwaka 2020, ni mbadala mzuri kuliko huo, hasa kwenye sofa, kwa sababu jeli hukaa juu ya doa na haizami upesi kwenye sponji.

Udhaifu wa spiriti hujitokeza wino unapobadilika. Kalamu nyingi za jeli hutumia chembechembe za rangi zisizoyeyuka, ambazo hujibana kati ya nyuzi, na hapo pamba hutoka karibu safi huku doa likikutazama. Wino wa kupaka kidole siku ya kupiga kura ni shida zaidi, kwani una nitrati ya fedha inayokolea ikipigwa na mwanga. Wino wa kalamu za kujaza hauhitaji spiriti kwanza. Uloweke kwa maji ya baridi mapema. Kwenye kitenge au kitambaa chochote chenye rangi, jaribu tone moja kwenye pindo la ndani, kwa kuwa spiriti haitofautishi rangi ya wino na rangi ya nguo.

Wengi hukimbilia dawa ya klorini. Hiyo huunguza rangi za nguo, hudhoofisha nyuzi, na mara nyingine huugeuza wino wa biro kuwa doa la manjano, kwa hiyo sioni sababu ya kuanza nayo. Tena isikutane kamwe na spiriti, ndimu wala siki, kwa maana michanganyiko hiyo hutoa kemikali zenye sumu. Ndimu na chumvi, ambayo bibi zetu waliisifu, ni nzuri kwa doa la kutu. Kwa biro ni ndimu iliyopotea bure.

Harufu ya spiriti ni kali, kwa hiyo kazi hii ifanyiwe uani au dirishani, mbali na jiko, kwa kuwa mvuke wake hudaka moto upesi. Lawama yangu kwa bidhaa yenyewe ni mfuniko: chupa niliyonunua hufungwa kwa kifuniko chembamba kisichobana, na spiriti iliyowekwa kabatini hupungua bila kutumiwa. Ni heri kununua chupa ndogo na kuihamishia kwenye chombo cha kioo chenye kizibo kizuri, kikaandikwa jina waziwazi na kuwekwa mahali watoto wasipofika.