NVDA na ukaguzi wa fomati za ripoti: uzoefu wangu kazini

Mwaka wangu wa kwanza ofisini nilimpelekea mkuu wangu wa kitengo ripoti ya kurasa 22 nikiwa na uhakika nayo. Nilikuwa nimeisikiliza mara tatu, tahajia safi, takwimu zimekubaliana. Nusu saa haijaisha simu ya mezani ikalia. "Kaka, hebu njoo mara moja. Ukurasa wa saba maandishi yamekuwa madogo, tena ya kijivu. Na kichwa cha sehemu ya tatu mbona kiko katikati wakati vingine vyote viko kushoto?"

Ile aya ya ukurasa wa saba niliinakili kutoka kwenye tovuti moja, nikaibandika, ikaja na fonti yake na rangi yake. Masikioni mwangu ilisikika sawa kabisa na aya za jirani. Siku ile niliumia, maana kazi ya maana niliyoifanya ndani ya ripoti haikuzungumzwa hata kidogo.

Sioni tangu nikiwa na miaka minne. Nilisoma kwa nukta nundu, na katika nukta nundu mpangilio wa ukurasa unaupata kwa vidole: aya inaanza baada ya nafasi mbili tupu, kichwa unakikuta katikati ya mstari. Kwenye kompyuta ni tofauti. Sauti inakupa maneno. Ukubwa wa herufi, rangi na pambizo vinabaki kimya mpaka uviulize. Kwa hiyo nimejifunza kuuliza, na chombo ninachoulizia ni NVDA.

Kwa asiyeifahamu: NVDA ni programu ya kusoma skrini kwa sauti kwa ajili ya Windows. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh, na wote wawili hawaoni. Unaipakua bure, na gharama za kuiendeleza zinategemea sana michango. Unaweza pia kuiweka kwenye flashi na kuitumia bila kuisakinisha. Mimi nilianza hivyo, kwa sababu kusakinisha programu kwenye kompyuta ya ofisi kulihitaji kibali kilichochukua wiki kadhaa. Ya kwenye flashi ina upungufu wake: dirisha la Windows la kuomba ruhusa ya msimamizi likitokea, inanyamaza.

Sasa niingie kwenye ukaguzi wenyewe. Ukiweka kishale kwenye neno lolote ndani ya Word, programu ya kuandikia nyaraka, ukabonyeza Insert na F kwa pamoja, NVDA inakutajia fonti, ukubwa, rangi, kama herufi ni nzito au za mlazo, mtindo wa aya, na kama aya imeegemea kushoto au iko katikati. Ukibonyeza mara mbili haraka, maelezo yale yale yanafunguka kwenye dirisha unaloweza kulipitia taratibu kwa vitufe vya mishale. Kwa mtu ambaye hajawahi kuona herufi nzito ikoje, kupata jibu hilo bila kumwita mtu mezani ni jambo kubwa. Nilikuwa namsumbua dada wa mapokezi mara nne au tano kwa siku.

Ila hiyo ni nusu tu ya kazi. Insert na F inajibu pale ulipouliza. Kwa ile aya ya kijivu isingenisaidia kitu, kwa sababu sikuwa na sababu ya kuuliza hapo. Unahitaji programu ikushtue yenyewe. Insert, Ctrl na D zinafungua mipangilio ya fomati, na humo unachagua itamke nini wakati unasoma. Mwanzoni nilitia alama karibu kila kisanduku. Nilijuta. Kila sentensi ilikatizwa na jina la fonti, rangi, nafasi kati ya mistari, hadi nikawa sikumbuki sentensi ilianzaje. Nikazima vyote kwa hasira, nikarudi kwenye ukimya ule ule ulioniponza.

Kilichonitoa hapo ni wasifu wa mipangilio. NVDA inakuruhusu kuhifadhi seti tofauti za mipangilio na kuzipa vitufe vyake. Mimi nina wasifu wa kuandikia, ambao haunitajii fomati kabisa, na wa kukagulia, ambao unataja fonti, ukubwa, rangi na mtindo tu. Kwa kuwa inatamka pale kitu kinapobadilika, ripoti iliyo safi inasomeka kimya, na neno lolote la ziada linaniambia kuna kasoro hapo. Nikisikia "kijivu" katikati ya aya, nasimama.

Kuna kisanduku kimoja ambacho wengi hukiruka, kile cha kutangaza mabadiliko ya fomati yaliyo mbele ya kishale. Bila hicho NVDA huangalia pale kishale kilipo, na mabadiliko yaliyo katikati ya mstari yanaweza kukupita. Watengenezaji wa NVDA wenyewe wanaonya kwamba kinapunguza kasi, na ni kweli, kwenye kompyuta yangu yenye RAM ya GB 4 inasuasua. Nakiwasha kwenye wasifu wa ukaguzi peke yake.

Vichwa navikagua kivyake. Insert na F7 inaniletea orodha ya vichwa vyote vya waraka pamoja na ngazi zake. Hapo ndipo ninapowakamata wenzangu: mtu ameandika kichwa kwa kukuza herufi na kuzifanya nzito tu, bila kutumia mtindo wa kichwa uliomo ndani ya Word. Kwa macho kinafanana na vingine, kwenye orodha yangu hakipo, na hata yaliyomo ya mwanzo wa ripoti hayatakitaja. Nakirekebisha kwa Ctrl, Alt na namba ya ngazi. Kwa aya zilizobandikwa, Ctrl na Spesi huondoa fomati za herufi, Ctrl na Q huondoa za aya, zikarudi kwenye mtindo wa waraka.

Lipo kosa moja ambalo mimi nalisikia kabla ya yeyote ofisini kuliona. Word huwekea maandishi alama ya lugha, na NVDA inaweza kubadili sauti kufuatana na alama hiyo. Natumia eSpeak, programu ya sauti inayotamka maandishi, ambayo ina Kiswahili. Aya ya Kiswahili iliyoachwa na alama ya Kiingereza inasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, "changamoto" inageuka kitu kisichotambulika. Wenzangu wanaona mistari myekundu ya tahajia wanaipuuza. Mimi nabadilisha lugha ya aya hiyo, na mistari inawaondokea na wao.

Inaponiangusha ni kwenye mwonekano wa ukurasa mzima. Picha ikielea juu ya maandishi na kufunika mistari miwili, mimi naisoma mistari hiyo vizuri tu na sijui kama imefunikwa. Jedwali likizidi upana wa karatasi, seli zote nazipata, hakuna kinachoniambia safu ya mwisho haitachapika. Kichwa kikibaki peke yake chini ya ukurasa naweza kukinasa, kwa sababu namba ya ukurasa inatajwa ninapovuka, lakini hayo mawili ya kwanza hapana. Njia yangu ni kuzuia mapema: picha zote naziweka ndani ya mstari kama herufi, na majedwali nayaamuru yatoshee upana wa dirisha. Halafu nahifadhi PDF na kumwomba mwenzangu aipitie dakika mbili, nikimwambia aangalie picha na majedwali tu.

Nimewahi kutumia JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini, kwenye mafunzo. Ina kichambuzi cha maandishi kinachotafuta chenyewe hitilafu kama mabano yasiyofungwa na fonti iliyobadilika ghafla, na natamani sana NVDA iwe na kitu cha namna hiyo ndani yake. Lakini JAWS ni ya kulipia, na mwajiri wangu hajawahi kukubali ombi la leseni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawataka waajiri wa Tanzania wenye wafanyakazi 20 au zaidi watuajiri angalau asilimia 3. Kiti nilikipata. Chombo cha kufanyia kazi kwenye kiti hicho nimekipata kwa Curran na Teh.

Ripoti ya robo mwaka iliyopita ilikuwa na kurasa 41. Iliporudi ilikuwa na maswali mawili ya mkuu wangu, yote kuhusu takwimu za jedwali la nne, na tulibishana nayo asubuhi nzima.