GPS niliyouziwa Lubumbashi, na usiku ule wa Lusaka

"Mama, mashini haiko na kosa. Ni ule anaendesha ndiye hayue njia."

Hayo niliambiwa mbele ya wateja wengine, katika duka moja la vifaa vya simu hapa mjini, na kijana aliyeniambia hata hakuinua macho. Nilikuwa nimeshika GPS waliyoniuzia, kile kifaa cha garini cha kuonyesha njia, risiti juu yake. Naandika hasira ikiwa bado haijaniisha. Anayetaka kujua ukubwa wa kioo au betri inakaa saa ngapi atasoma kwenye boksi.

Tulikuwa tunampeleka mama yangu Lusaka kwa daktari wa macho. Watu wa Lubumbashi wanajua kwa nini ni Lusaka na si Kinshasa: unavuka Kasumbalesa, unapita Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe, na ukiondoka alfajiri, foleni ya malori ya shaba pale mpakani isipokukalia vibaya, usiku uko mjini. Njia kuu yenyewe haimpotezi mtu, vibao vipo. Kazi iko ndani ya miji. Tena ukishavuka mpaka unahama upande: huku Kongo tunaendesha kulia, Zambia ni kushoto, na kwenye mzunguko wa barabara magari yanazunguka kinyume cha ulichozoea, wa kumpisha ni yule anayetokea kulia kwako. Akili yote inaishia hapo. Nilitaka kitu cha kunisemesha njia ili macho yangu yabaki barabarani.

Nilimwuliza yule kijana wazi kabisa: ramani ya Zambia imo, na ni mpya? "Iko na Afrika yote, mama, mupaka Cape Town." Nikalipa. Zaidi ya dola mia.

GPS nisiinyime haki yake: hadi Kabwe sikuwa na neno. Mtandao wetu wa Kongo ulikufa tulipoacha mpaka nyuma, lakini GPS iliendelea, kwa sababu inapokea ishara za setilaiti moja kwa moja, haikuombi unite (salio) wala laini ya simu. Njia panda ilikuwa inanitajia mapema. Sauti yake ilikuwa ya Kifaransa na majina ya Kiingereza iliyatamka hata Mwingereza mwenyewe asiyatambue, nikavumilia. Pale kwenye kituo cha kulipia barabara cha Katuba, kabla ya Lusaka, mdogo wangu alisoma kibao kwa sauti na mama akacheka sana, maana sisi ni wa Katuba, ile ya Lubumbashi. Saa ile ungeniuliza, ningekupa nyota nne.

Kisha tukafika Arcades.

Arcades iko kwenye Great East Road, ndani ya Lusaka, na nyumba ya wageni tuliyoagiza ilikuwa upande ule. Zamani palikuwa na mzunguko. Siku hizi pana daraja la juu. Lusaka imejenga madaraja ya namna hiyo ili kupunguza foleni, Makeni lipo, Longacres lipo. GPS yangu haikuwa na habari hiyo. Giza limeingia, minibasi zinanibana kushoto na kulia, tuko juu ya daraja, na sauti inaniambia kwa utulivu kabisa: ingia kwenye mzunguko, tokea njia ya tatu. Mzunguko gani? Uko wapi? Nikapita. Ikanyamaza, ikahesabu upya, ikaniambia nigeuze. Nikageuza mbele huko, tukarudi, tukapanda tena daraja lile lile kwa upande wa pili, na sauti ile ile: mzunguko, njia ya tatu. Halafu tena.

Mama ana sukari. Saa yake ya kula ilikuwa imepita zamani kwa sababu kila mara tulisema tumeshafika, ni hapa tu. Alikuwa amenyamaza kiti cha nyuma. Anayemwuguza mtu wa sukari anaujua ukimya ule na anajua kwa nini mikono yangu ilianza kutetemeka kwenye usukani. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta, tukamnunulia soda na mkate, nikakaa pembeni yake hadi alipoanza kusema tena.

Ndipo mdogo wangu akasema: "Yaya (yaani dada mkubwa), nilishusha ramani ya Zambia nyumbani kwa Wi-Fi. Ngoja tuone." Ilikuwa Organic Maps, programu ya bure, inayotumia ramani ya OpenStreetMap ambayo watu wa kawaida duniani kote wanaisahihisha wenyewe. Unashusha nchi nzima ukiwa bado kwako, na ukivuka mpaka simu inajitafutia mahali ilipo bila mtandao wowote. Ile ilijua daraja. Ilitutoa chini, kwenye njia ya pembeni, na muda mfupi baadaye tulikuwa mlangoni. Bure! Na mimi nimelipa zaidi ya dola mia.

Ina ubaya wake pia. Haikuambii foleni iko wapi, na simu ikiwekwa kwenye kioo cha mbele inachemka juani, tena inakula chaji hadi usiitoe kwenye waya wa gari. Kwa safari ya mchana kutwa, simu peke yake siitegemei. Hata Google Maps inakuruhusu kuhifadhi eneo kabla ya kuondoka. Fanyeni hivyo pia, ziwe mbili.

Tuliporudi nilifungua menyu ya GPS, sehemu inayotaja ramani. Imeandikwa 2016. Ndiyo "mpya" niliyoambiwa. Nikaipeleka dukani bila kelele, nikaonyesha mwaka. Kwanza akanitaka nilipe dola nyingine ili aniwekee ramani mpya. Nilipokataa ndipo akasema yale ya asiyejua njia. Mteja mmoja akacheka. Niliendesha kutoka hapa hadi Lusaka na kurudi, na mgonjwa garini, halafu mtoto anayekaa nyuma ya meza ananifundisha kuendesha. Pesa sikurudishiwa.

Kwa hiyo msinunue. Nilikuwa nimeandika hivyo na kufunga, lakini si kweli kabisa, na sitaki kumdanganya mtu anayepanga safari. Kifaa chenyewe hakichemki, na kioo chake kinaonekana vizuri hata jua likiwa kali. Kilichooza ni ramani iliyomo na mdomo wa aliyeniuzia. Mkienda kununua, menyu ifunguliwe palepale dukani mwone mwaka kabla ya kutoa pesa, na akikataa kuifungua, ondokeni. Nyota moja. Duka hilo hata hiyo moja silipi.

Mama anatakiwa kurudi kwa daktari. Nimesikia kwamba ramani ya OpenStreetMap inaweza kuwekwa ndani ya baadhi ya GPS kwa kadi ya kumbukumbu. Kama kuna mtu hapa Lubumbashi au Kasumbalesa aliyeifanya kazi hiyo kwa mkono wake, aniandikie, nitamlipa. Anioneshe kwanza Arcades na daraja lake.