Katriji ya wingi wa virusi kwenye GeneXpert: tathmini kwa maabara za Moshi na Arusha

Kwa maabara ya wilaya ambayo tayari ina GeneXpert, mashine ya kusoma vinasaba vya vijidudu, ya kupimia kifua kikuu, katriji ya Xpert HIV-1 Viral Load, inayohesabu virusi vya Ukimwi (VVU) kwenye damu, ni kitu cha kuagiza, na tunaipendekeza bila kusita kwa makundi matatu: mama mjamzito au anayenyonyesha, mtoto, na mteja ambaye kipimo chake kilichopita kilizidi kopi 1,000 za virusi kwa mililita. Mteja wa CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, ambaye virusi vyake vimefubaa (dawa imevishusha sana) na anapima mara moja kwa mwaka, sampuli yake iende tu maabara kubwa. Ubora wa kipimo hauna tatizo. Tatizo ni hesabu ya moduli.

Moduli ni chumba cha kupimia ndani ya mashine; moja hubeba katriji moja, na kipimo huchukua kama dakika 90. Mashine ya moduli 4 ikiwashwa saa 2 asubuhi na kuzimwa saa 10 jioni inatoa majibu 16, au 20 ikiwa kila katriji inapakiwa dakika ileile nyingine inapotoka. Moduli hizohizo zinasubiriwa na makohozi, na makohozi yana haki ya kutangulia, kwa sababu mwenye kifua kikuu anarudi nyumbani kwa watu. Mashine kubwa za maabara za rufaa hupokea sampuli zaidi ya 90 kwa mkupuo, ndiyo maana jibu huchelewa: trei lazima ijae kwanza. Mtu aliyefubaa anaweza kusubiri. Mama wa miezi minane hawezi, kwa kuwa virusi vikiwa juu mtoto huongezewa dawa za kinga tangu anapozaliwa, na uamuzi huo unataka jibu kabla ya uchungu kuanza.

Boksi lina katriji 10 na pipeti za plastiki za kutumia mara moja. Kipimo kinahesabu kuanzia kopi 40 hadi milioni 10 kwa mililita, na Shirika la Afya Duniani lilikipitisha mwaka 2017. Upande huo hatuna lalamiko. Kinachoharibu majibu hutokea kabla katriji haijafunguliwa, mezani kwenye plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu.

Tumia tyubu ya EDTA, dawa inayozuia damu isigande, ile ya kifuniko cha zambarau, ya mililita 4, na uijaze. Yenye heparini, kizuia kuganda kingine, usiiguse, maana heparini huzuia kuzalishwa kwa vinasaba na kipimo hufa humo ndani. Geuza tyubu taratibu mara 8 hadi 10 pale pale baada ya kutoa damu. Kuitikisa kunapasua seli, na kuiacha bila kuigeuza kunaleta mabonge madogo ambayo hutayaona mpaka mashine iyalalamikie. Damu nzima inakaa saa 24 kwenye joto la chumba, au saa 72 kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Plazma iliyokwisha kutengwa inakaa siku 6 kwenye friji hiyohiyo. Hesabu hii iwe kichwani mwa kila anayepokea sampuli Ijumaa: damu iliyoletwa na boda kutoka Same au Rombo saa 9 alasiri, ikiachwa mezani mpaka Jumatatu, haifai tena. Itenganishe jioni ileile, weka plazma kwenye friji, na Jumatatu utapima bila wasiwasi.

Sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu ili plazma ijitenge, ndipo maabara nyingi zinapojikwaa. Maelekezo ya kutenga plazma hutaja nguvu ya kuzungusha kwa g (mara ngapi ya mvutano wa dunia), lakini kitufe cha mashine yako kinasema mizunguko kwa dakika, na mizunguko ileile haitoi nguvu ileile kwenye kila mashine. Pima kwa rula kutoka katikati ya ekseli hadi sakafu ya tyubu. Zidisha sentimita hizo kwa mizunguko, zidisha tena kwa mizunguko, kisha kwa 0.00001118. Mizunguko 3,000 kwenye mashine ya sentimita 15 inatoa karibu g 1,500. Kwenye ile ndogo ya sentimita 10 inatoa karibu g 1,000. Andika jibu lako kwenye plasta, ubandike juu ya mfuniko. Ni kazi ya dakika tano, na inamsaidia hata mwanafunzi aliyekuja kujifunza kwa wiki moja.

Baada ya kuzungusha utaona tabaka tatu: plazma ya njano juu, utando mwembamba mweupe katikati, seli nyekundu chini. Utando huo mweupe ndio adui. Ni seli nyeupe za damu, na ndani yake virusi vimejificha vikiwa DNA. Pipeti ikizigusa, DNA hiyo inaweza kuhesabiwa pamoja na virusi vinavyoelea kwenye plazma, na mteja aliyefubaa vizuri anapewa kopi 300 zisizo zake. Ataitwa, ataulizwa kama anameza dawa, naye anameza kila siku. Acha nusu sentimita ya plazma juu ya utando na uisamehe hiyo iliyobaki.

Katriji inataka mililita 1 ya plazma. Kwa pipeti iliyomo kwenye boksi uwe na angalau mililita 1.2 kwenye tyubu, la sivyo utavuta hewa mwishoni. Mimina polepole bila povu, funga kifuniko, pakia. Usitikise katriji, usiguse kile kitako chembamba kinachochomoza nyuma, usibandike lebo juu ya msimbo wa mraba.

Makosa mawili yanajirudia. Namba 2008 inasema presha imezidi: plazma ni nzito au ina bonge, kwa hiyo ukirudia kwa sampuli ileile bila kuizungusha upya unatupa katriji ya pili. Namba 5007 inatokana na ukaguzi wa ndani kushindwa kabla ya kipimo kuanza, mara nyingi kwa sababu ya povu au ujazo usiotimia, na hapo kurudia kwa katriji mpya hutosha. Kosa la namna moja likikaa kwenye moduli ileile wiki nzima huku nyingine zikienda sawa, acha kulaumu sampuli. Funga moduli hiyo, umwite fundi. Moduli huhakikiwa kila mwaka au kila vipimo 2,000, kinachotangulia.

Jibu la "imeonekana, chini ya 40" limewatisha wengi bure. Maana yake vinasaba vya virusi vimegunduliwa lakini ni vichache mno kuhesabika, na dawa inafanya kazi. Vivyo hivyo kopi 60 mwaka jana na 150 mwaka huu: tofauti isiyofika mara tatu inaweza kuwa ya kipimo chenyewe, si ya mwili. Mstari wa uamuzi ni 1,000. Akiuvuka, anapewa ushauri nasaha wa ufuasi wa dawa na kupimwa tena baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo katriji hii inapolipa gharama yake, kwa sababu jibu linaweza kumkuta mteja angali kwenye benchi.

Tumeona wanaouguza ndugu waliopandikizwa figo au mapafu wakiiulizia. Kwao kinachofuatiliwa zaidi ni sitomegalovirusi, aina nyingine ya virusi, ambayo huamka dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo zinapoishusha kinga. Katriji hii haihesabu virusi hivyo. Kanuni moja tu wanaweza kuibeba: wapime maabara ileile, kwa sampuli ya aina ileile, maana namba ya plazma na namba ya damu nzima hazilinganishwi.

Moshi inahitaji kiyoyozi, hilo halina mjadala. Katriji zinahifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 28, mashine inataka chumba kisichozidi 30, na Februari mchana mji huu unapita hapo. Arusha, kwa mwinuko wake, mara nyingi dirisha na kivuli vinatosha, lakini weka kipimajoto ukutani usibahatishe. Vumbi la kiangazi ni la kote kuwili: chujio la feni lioshwe na kukaushwa kila mwezi. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, katriji na mililita yako ya plazma vimekwenda, hakuna kuendelea pale ulipoishia. Betri ya akiba ibebe mashine pamoja na kompyuta kwa saa 2, ili kilichoanza kimalizike.

Katriji iliyotumika isimwagiwe jiki. Ndani yake kuna guanidini thayosayanati, na ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu kwenye chumba ambacho kwa kawaida kimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Iende kwenye mfuko wa taka hatarishi ikiwa imefungwa vilevile, kisha tanuru la joto kali.