Kibanda cha chai pale Wilson: chapati tamu, umbea wa kupunguzwa kazi ni bure

Kama unafanya kazi Wilson, ule uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, na hujawahi kula kwa huyu mathe kando ya Lang'ata Road basi sijui unakula wapi, pengine wewe ni wa Aero Club, ile klabu ya marubani, na bili inatumwa ofisini. Sisi wengine tuko hapa. Ni mabati na turubai, mabenchi na meza moja ya maana, chai ya maziwa yenye tangawizi inapondwa ukiangalia si ile ya unga wa pakiti, chapati laini za tabaka ukivuta zinaachana zenyewe, na maharagwe yana nazi juu mathe ni mtu wa Pwani na hataki kusikia habari ya maharagwe makavu. Chapo mbili na maharagwe mia, chai thelathini. Saa moja asubuhi usitegemee kiti, utakula umesimama na sahani mkononi.

Sasa chapati ni nzuri lakini tuseme ukweli, watu wanakuja kwa stori. Hapo unakuta marubani wa Caravan (ile ndege ndogo ya injini moja), mafundi, vijana wa mafuta, wapakiaji mizigo, na wale watoto wametoka flying school juzi wana CPL, ile leseni ya rubani wa kibiashara, na masaa mia mbili na kitu ya kuruka, shati nyeupe imepigwa pasi, wanazunguka na CV ofisi hadi ofisi na nyumbani wazazi washauza shamba kulipa karo. Mathe anawaita wote kapteni, hata wale wapakiaji. Na stori siku hizi ni moja tu, nani anapunguza watu.

Kwa wale hawajui venye hii biashara inaenda, ndege ndogo za kukodi pale Wilson zinakula kwa wageni wa Mara na Samburu, kwa miraa na mizigo mingine, na kwa kazi za misaada kule Sudan Kusini na Somalia. Hakuna hata moja ya hizo ambayo rubani ana uwezo nayo. Somalia ilizuia miraa Machi 2020 wakati wa korona na ikakaa hivyo mpaka Julai 2022, hiyo ni zaidi ya miaka miwili, na wale walikuwa wanaruka na miraa kila siku alfajiri wengine waliishia kuendesha teksi na leseni ya ndege iko kwa droo. Alafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, katikati ya mwaka USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikafungwa, na mwisho wa hiyo Januari waasi wa M23 wakaingia Goma, mashariki mwa Kongo, na uwanja wa ndege wa huko ukafungwa. Kwa hivyo mtu akikaa kwa benchi aseme kampuni fulani inarudisha ndege ilizokodi kwa wenyewe huwezi kumcheka ati ni umbea, umbea wa hapa mara nyingi una miguu.

Shida ni kuuchuja, na hapa ndio nataka mnisikize wasee wapya. Umbea wa rubani ndio hafifu kuliko wote, na mimi ni rubani nasema hivyo. Rubani ameusikia kwa rubani mwenzake ambaye ameusikia kwa grupu ya WhatsApp. Sikiza fundi. Fundi akisema ndege fulani imeingia hanga kwa ukaguzi na propela yake imetolewa ikafungwa kwa nyingine, hiyo ni habari, juu hakuna kampuni yenye pesa inachinja ndege yake ivae ingine. Na zaidi ya fundi sikiza kijana wa mafuta. Kuna asubuhi makapteni wawili walikuwa wanabishana kwa sauti kuhusu kampuni moja hapo ndani, mmoja anasema inanunua Dash 8, ndege kubwa kuliko hizi zetu, mwingine anasema inanunua mbili, na kijana wa mafuta ako pembeni anachovya mandazi kwa chai, hata hajainua kichwa, akasema tu hao siku hizi tunawajazia wakilipa kesh kwanza. Meza ikanyamaza. Mtu akinyimwa mafuta ya deni umeshajua hali ya akaunti yake, hiyo Dash 8 atainunua na nini? Kabla mwezi uishe rosta yao, ile ratiba ya nani anaruka siku gani, ilitoka nusu.

Na hiyo rosta ndio kila kitu. Usingoje kuitwa ofisini upewe barua, kwetu watu hawafutwi hivyo, unatolewa tu kwa rosta polepole. Mwezi huu unaruka siku kumi na nne, ujao siku tano, unaofuata ukipiga simu unaambiwa tulia kapi tutakuita. Mshahara wa msingi ni mdogo, pesa yenyewe iko kwa masaa ya angani, kwa hivyo bila masaa umeshafutwa na hakuna mtu amesema hilo neno.

Kuna mzee mmoja kapteni mstaafu hukaa kona ile ya jiko, anakunywa chai bila sukari, huyo peke yake anatosha kukuleta hapa. Yeye ndiye aliniambia usilinganishe Aprili na Machi, linganisha na Aprili ya mwaka uliopita, maana masika yakishika kambi nyingi za Mara hufungwa na kila mwaka vijana wanalia ati kampuni inakufa na ni mvua tu. Pia ndiye hukumbusha watu kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007: ukiondolewa kwa sababu kazi imepungua, lazima wewe au chama chako cha wafanyakazi mpewe notisi ya si chini ya mwezi mmoja, ofisa wa leba naye aambiwe, na ulipwe mshahara wa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza kazini. Alafu anauliza mkataba wako unasemaje, na hapo ndio nyuso hubadilika, juu wengi wetu tulisaini karatasi inayosema sisi ni watoa huduma na sio waajiriwa, tukaona ni maneno tu tuanze kuruka. Kijana mmoja akasema heri aende Marekani huko kazi ni salama, mzee akamuuliza kama amesikia NetJets, ile kampuni kubwa kabisa ya ndege binafsi, mali ya Berkshire Hathaway ya Warren Buffett, mwanzoni mwa 2010 iliwasimamisha kazi marubani 495 baada ya matajiri kupunguza kusafiri. Kijana akaagiza chapo ingine.

Onyo moja, punguzeni sauti. Kuna meneja hutuma dereva wake kununua chapati tatu na anakaa hapo nusu saa nzima, chapati zinapoa kwa karatasi na yeye masikio yamesimama.

Turudi kwa chakula. Ndengu sipendi, maji mengi, na ikifika saa saba chapati zimeisha unabaki na mandazi ya asubuhi ambayo sasa ni magumu. Benchi ya upande wa barabara vumbi la matatu linaingia kwa kikombe, kaa ndani hata kama moshi wa jiko utanuka kwa shati. Till ya Mpesa iko na mathe anakopesha ukiwa kwa rosta, ukitolewa kwa rosta pia anajua kabla yako na daftari linafungwa. Choo hakuna, enda petrol station. Nampa nyota nne.