Kisomaji cha Diski kwa Kipakatalishi Kidogo: Tazama Waya Kwanza
Kipakatalishi changu kidogo hakina nafasi ya diski, na picha za harusi ya dada yangu, iliyofanyika hapa Kisumu mwaka 2009, zimo katika dividii tatu. Ndiyo maana nilinunua kisomaji cha nje katika duka moja la Barabara ya Oginga Odinga kwa shilingi 2,500. Ni chembamba, na hakihitaji umeme wa ukutani kwa kuwa hutumia ule wa kipakatalishi kupitia waya wa USB, jambo lenye manufaa makubwa stima inapopotea. Diski za Blu-ray, zile za video za ubora wa juu zaidi ya dividii, hakisomi.

Shida ilikuwa waya. Mlango wa USB 2.0 hutoa umeme wa miliampea 500 tu, ilhali mota huweza kuhitaji zaidi diski inapoanza kuzunguka, kwa hiyo kisomaji cha kwanza nilichopewa kililia tik, tik, taa ikametameta, kisha kikazima. Muuzaji, bila ubishi wowote, alinibadilishia chenye waya wa vichwa viwili, unaochomekwa katika milango miwili kwa pamoja, na tangu hapo hakijakwama, hata kwa ile dividii yenye mikwaruzo. Ningemwomba mnunuzi abebe kipakatalishi chake na diski yake mwenyewe, ajaribu pale pale kaunta kabla ya kulipa.