Kabla Hujalipia Gitaa, Chungulia Tundu Lake

Novemba iliyopita, msimu wa korosho umepamba moto, nilinunua gitaa jeusi hapa Mtwara mjini kwa laki tatu na nusu. "Dada, hii mbao tupu, hakuna plaiwudi hapa," muuzaji aliniapia. Nikaamini, maana lilikuwa zito na linang'aa. Wiki ileile kwenye mazoezi ya kwaya nikapiga G, ikatoka kama mtu anayeimba ameziba pua. Mjomba wangu, seremala, akaligonga mara moja kwa kifundo cha kidole. "Hili ni mlango wa kabati," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Kwa hiyo leo sitazungumzia rangi, mkoba wa bure wala idadi ya nyuzi za akiba. Nataka uangalie ukingo wa tundu la sauti, basi. Washa tochi ya simu, utazame unene wa ubao pale ulipokatwa. Kama uso, yaani ubao wa mbele wenye tundu, ni ubao mmoja usio na tabaka, mistari ya mbao unayoiona juu inashuka moja kwa moja hadi ndani. Kama ni plaiwudi utaona tabaka, kama biskuti ya krimu. Ukikuta ukingo umepakwa rangi nyeusi, shtuka. Wangu ulipakwa. Nilikwangua kwa wembe, nikakutana na biskuti yangu.

Nahangaika na uso kwa sababu uzi peke yake karibu hausikiki. Uzi unautikisa uso, na uso ndio unaosukuma hewa. Nguvu ya uzi ni ndogo, hivyo ubao lazima uwe mwepesi na papo hapo uwe mgumu kupinda. Sprusi, mti wa jamii moja na misonobari, una sifa zote mbili. Ule wa Sitka, unaoota pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, sauti yake ni safi na inapasua. Unaweza kuuchapa wakati kwaya nzima inaimba na bado utasikika. Mwerezi ni laini zaidi. Unaitika hata ukiugusa kwa ncha za vidole, lakini ukiucharaza sana sauti inavurugika. Plaiwudi inabanwa na gundi na tabaka zake zilizopishana.

Mgongo na ubavu ndipo wauzaji wanapotukamua. Watakwambia mahogani sauti yake ni kavu na inakatika mapema, rozwudi ina besi inayovuma. Kuna ukweli kidogo, na rozwudi ya India ni ndugu wa mpingo wetu wa Kilwa na Liwale. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio la magitaa 6 yaliyotofautiana mbao za mgongo na ubavu tu, nyuso zote sprusi. Wapigaji 52 waliyajaribu gizagiza, wamevaa miwani ya kuchomelea vyuma. Alama walizotoa zilikaribiana mno. Na Antonio de Torres, fundi wa magitaa wa Hispania, alishatengeneza gitaa mwaka 1862 lenye mgongo na ubavu wa karatasi, uso wa sprusi.

Ukitaka gitaa la kununua, namba moja kwangu ni Yamaha FG800, na sioni aibu kusema mimi ni mtu wa Yamaha. Uso ni ubao mmoja wa sprusi ya Sitka. FG820 ina ubavu wa mahogani, FG830 wa rozwudi, uso ni sprusi vilevile. Ukiombwa laki mbili za ziada kwa ajili ya mgongo, wewe soma tena aya iliyopita. La pili ni Fender CD-60S, uso wa sprusi, mgongo na ubavu wa mahogani, zuri tu ila halinisisimui. La tatu Seagull S6 ya Kanada, uso wa mwerezi, kwa anayepiga kwa vidole. Kulipata huku ni mpaka uagize.

Ya bei rahisi? Yamaha F310. Uso ni plaiwudi, lakini angalau hawakudanganyi.

Ubao mmoja una adha yake pwani. Unapenda unyevu wa hewani wa asilimia 45 hadi 55, na masika yetu hayajui namba hizo. Uso unavimba, nyuzi zinapanda mbali na shingo, vidole vinauma. Likae kwenye boksi lake, usilitundike ukutani.

Halafu hizi bei! Gitaa lile jeusi nililiona Julai kwa laki mbili na nusu. Hela ya korosho ilipoingia tu, likapanda laki nzima bila hata kufutwa vumbi. Niliporudi na wembe wangu kumwonyesha, muuzaji akanijibu, "Dada, sauti ni mkono." Pembeni yake lilining'inia jingine jeusi, na huyo mteja mwingine anaambiwa ni mpingo. Mpingo unazama kwenye maji, kaka. Nilimwambia alitie kwenye ndoo tuone.