Vikokotoo vya bure vya uhandisi mtandaoni: hesabu ziko sawa, angalia visanduku

Weka boriti ya mita 4 iliyoegemea ncha zote mbili, yenye mzigo wa kN (kilonewton) 10 kwa kila mita, kwenye kikokotoo chochote cha maana, utapata momenti (nguvu inayoikunja boriti) ya kNm 20 katikati na kN 20 kwenye kila egemeo. Vyote vinapatia, maana wL²/8 (w ni mzigo kwa mita, L ni urefu) ni ileile popote. Tofauti inaanzia kwenye visanduku vilivyojazwa kabla hujafika, na kwenye swali la kama tovuti inakuonyesha kanuni iliyotumia au inakutupia jibu tu. Hivyo ndivyo tulivyovipima hapa, tukianzia na vinavyotumika zaidi kwenye majengo, umeme, maji na sola.

Kwa boriti, kikokotoo cha SkyCiv, kampuni ya Australia, ndicho chepesi kuliko vyote kwa anayeanza. Unaweka urefu, maegemeo, mizigo ya nukta na ya kusambaa, na michoro ya nguvu za mkato, momenti na mnepo (boriti inavyoshuka katikati) inatokea. Toleo la bure limefungiwa mambo kadhaa hadi ulipie, ila boriti ya kawaida ya nyumba linaimudu. Tuchukue ile boriti ya mita 4 na tuipe chuma cha IPE 200 (boriti ya umbo la I yenye kimo cha mm 200): I, kipimo cha umbo linavyopinga kukunjwa, ni cm⁴ 1,943, na E, ugumu wa chuma chenyewe, ni GPa 210. Mnepo kwa 5wL⁴/384EI unatoka mm 8.2, na kikomo cha L/360 ni mm 11.1. Imepita.

Ukikosea kipimo cha I, ukaandika 1,943 kwenye kisanduku kinachotaka mm⁴, boriti itanepa mita 82 na utacheka mwenyewe. Kosa la namna hiyo halimuui mtu. Linaloua ni lile linalotoa jibu la kuaminika. Kikokotoo hakijui kama kN 10 uliyoandika ni mzigo halisi au umeshauzidisha na vigezo vya usalama: 1.35 na 1.5 vya Eurocode (viwango vya Ulaya), 1.4 na 1.6 vya BS za zamani (viwango vya Uingereza), au 1.2 na 1.6 vya Marekani. Uimara unapimwa kwa mzigo uliozidishwa. Mnepo unapimwa kwa mzigo halisi. Kwa hiyo boriti moja inaingizwa mara mbili. Ukipima mnepo kwa mzigo uliozidishwa kwa, tuseme, 1.45, mm 8.2 inakuwa 11.9, boriti nzuri inakataliwa na mteja ananunua IPE 220 bila sababu. Ukifanya kinyume chake, unapitisha boriti isiyotosha. Ongeza pia uzito wa chuma chenyewe, kg 22.4 kwa mita, kama hakuna kisanduku kinachouliza.

Na kuna ambacho vikokotoo vingi vya bure havigusi kabisa: boriti ya chuma ambayo bapa lake la juu halijashikwa na jamvi wala kitu kingine inaweza kujipinda kwenda ubavuni kabla mkazo haujafika popote. Hapa mkazo ni MPa 103 tu, skrini inaonyesha kijani, na bado swali hilo halijajibiwa.

Kwenye zege tahadhari iwe kubwa zaidi, maana tovuti nyingi zimeandikwa kwa kanuni za Marekani. Kisanduku cha f′c, yaani nguvu ya zege, kinataka nguvu iliyopimwa kwa kuvunja silinda. Saiti zetu zinavunja kyubu za mm 150. Zege la MPa 25 kwa kyubu ni 20 kwa silinda, ndiyo maana Eurocode huliandika C20/25. Ukijaza 25 kwenye f′c umejipa nguvu ya ziada ya asilimia 25 ambayo haipo kwenye mchanganyiko. Nondo nazo zina mtego wake. Namba 4 ya Marekani ina kipenyo cha mm 12.7 na eneo la mm² 129; nondo yetu ya mm 12 ina mm² 113. Ukiona jibu la «#4 kila mm 200» ukaenda dukani kununua mm 12 na kuzipanga kwa nafasi ileile, umepunguza chuma kwa asilimia 12. Chukua eneo la chuma linalohitajika kwa mita, achana na namba ya nondo, kisha panga nafasi mwenyewe. Kikokotoo kisichokuonyesha eneo hilo hakifai kwa kazi ya zege huku kwetu.

Upotevu wa volti ni hesabu ndogo ambayo kila tovuti inayo, na ndiyo inayokosewa zaidi. Mfano: hita ya kW 3 kwa volti 230 inavuta ampea 13, umbali kutoka kwenye bodi ni mita 40, waya ni wa shaba wa mm² 2.5. Majedwali ya BS 7671, kiwango cha Uingereza cha nyaya za umeme, yanatoa mV 18 kwa kila ampea na kila mita, hivyo 18 × 13 × 40 ÷ 1,000 ni volti 9.4, asilimia 4.1. Kikomo ni asilimia 5 kwa vifaa na 3 kwa taa, kwa hiyo hita inapita, ila taa zisiwekwe kwenye laini hiyo. Waya wa mm² 4 (mV 11) unashusha upotevu hadi volti 5.7.

Sasa jaribu hesabu hiyohiyo kwenye tovuti ya Marekani. Utakuta volti 120 imeshajazwa, na waya zinapangwa kwa AWG, namba za Marekani za unene wa waya. Nambari 12 ni mm² 3.31 na nambari 14 ni mm² 2.08, wala hakuna inayolingana na 2.5. Kisha uliza kisanduku cha urefu kinataka nini: kwenda tu, au kwenda na kurudi? Kwenye sola ya volti 12 hapo ndipo mafundi wengi wanapoangukia. Ampea 10, mita 10, waya wa mm² 4: ukihesabu njia moja tu kwa shaba baridi unapata volti 0.44, asilimia 3.6, unaona mambo safi. Ukihesabu kwenda na kurudi kwa waya uliopata joto unafika volti 1.1, zaidi ya asilimia 9, na friji inazimika jioni betri ikiwa bado na chaji.

Kwa vipimo mchanganyiko, Omni Calculator ya Poland inasaidia kwa sababu kila kisanduku kina kitufe chake cha kubadili kipimo. Engineering ToolBox ni ya mtindo wa zamani na matangazo yake yanachosha macho, lakini kanuni imeandikwa juu ya kisanduku na majedwali ya viwango yako karibu. Tungeichagua hiyo kabla ya tovuti yoyote yenye sura nzuri inayoficha kanuni.

Kwa mabomba, neno moja tu: kipenyo cha ndani. Bomba la plastiki la HDPE la mm 32 la daraja la presha PN10 lina ukuta wa mm 2, ndani ni mm 28. Kanuni ya Hazen-Williams, ya upotevu wa presha kwenye bomba, inainua kipenyo kwa kipeo cha 4.87, hivyo ukijaza 32 upotevu wa presha unatoka karibu nusu ya ule halisi, na pampu uliyonunua haifikishi maji kwenye tenki. Galoni nazo: ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546. Andika lita.

Tumeacha bora mwisho. PVGIS, kikokotoo cha sola cha kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya, ni cha bure kabisa, hakitaki kujisajili, na kina data za jua za Afrika nzima. Unabonyeza mahali kwenye ramani, unaingiza ukubwa wa paneli, na unapata uzalishaji wa kila mwezi. Lakini kimetengenezwa na watu wanaoishi kaskazini. Paneli zinakuja zimeinamishwa nyuzi 35 na mwelekeo 0, na 0 kwenye PVGIS ni kusini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ukiacha hivyo umezigeuzia jua kisogo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Jaza mwelekeo 180 na mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ambao pia unaachia mvua isafishe vumbi. Angalizo: kwenye PVWatts, kikokotoo cha sola cha Marekani, mambo yamegeuzwa, 0 ni kaskazini na 180 ni kusini. Anayenakili namba kutoka tovuti moja kwenda nyingine anageuza paa zima.

Kwa mfumo usio na gridi, PVGIS inataka betri kwa Wh (wati-saa), haitaki Ah (ampea-saa). Betri ya volti 24 na Ah 200 ni Wh 4,800. Ukijaza 200 itakuambia betri inaisha karibu kila siku. Kikomo cha kuacha kutoa chaji kinakuja kikiwa asilimia 40, kinachofaa betri za risasi: kati ya Wh 4,800 unatumia 2,880. Kwa lithiamu weka 20, unapata 3,840. Matumizi ya siku yaongezee asilimia 10 hivi kwa ajili ya inveta. Kisha usitazame wastani wa mwaka. Tazama mwezi mbaya kuliko yote, Aprili na Mei za masika kwa pwani, Julai kwa Nairobi, na asilimia ya siku ambazo betri inakauka. Hapo ndipo ukubwa wa paneli unapoamuliwa.

PVGIS inajua milima inayokata jua asubuhi na jioni. Mnazi na ghorofa la jirani haivijui, hivyo vivuli bado vinahitaji mtu apande paani. Na kabla ya kufunga ukurasa, hifadhi PDF inayoonyesha visanduku vyote pamoja na tarehe, maana data za jua husasishwa na mwakani hesabu hiyohiyo inaweza kutoa namba nyingine, wakati mchoro ulioupiga muhuri utabaki na ya zamani.